Simama Hapo Hapo

Tolliver, Missouri
Jumapili, 16 Septemba 1979

Kaka Reino,

Mama atakuwa amekwisha kukwambia, maana nilimpigia simu asubuhi, lakini Mama nilimpa nusu tu ya habari. Ni kweli jana mechi ya futiboli ya chuo nilianza mimi, kama mrushaji. Mrushaji wetu wa kwanza alivunjika mtulinga kwenye mazoezi Jumatano, na Kocha Dubose akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akatutazama wote, akaninyooshea kidole. Nusu ambayo Mama hajaisikia ni kwamba niliangushwa mara sita. Sisemi kusukumwa. Nasema kuangushwa, mpira ungali mkononi, mgongo chini, na jitu la kilo mia na ishirini juu yangu likiniuliza kama nimelala vizuri.

Huku si kama nyumbani Ahola. Shuleni nilikuwa na muda wa kutazama uwanja mzima kama mtu anayechagua viazi. Hapa nikipokea mpira na kurudi nyuma hatua tano, walinzi wangu watano wanajipanga mbele yangu, na ukuta wao unadumu kwa muda wa chafya mbili. Kisha unatoboka, na sijui utatobokea wapi. Nikiwatazama wanaokuja kuniangusha, siwaoni wadakaji wangu kule mbele. Nikiwatazama wadakaji, nastukia niko chini.

Wewe msimu wako wa mwisho uliangushwa mara mbili tu, mechi tisa. Ulikuwa unaona nini, kaka? Kocha anatuhubiria hatua na kuhesabu, lakini yeye enzi zake alikuwa mlinzi, hajawahi kuushika ule mpira huku anawindwa. Ninayemjua aliyewahi ni wewe peke yako.

Nyuma yangu, akingoja nafasi yangu, yupo Lyle Prochnow, kijana wa Kansas mwenye meno mazuri. Kila nikianguka anaanza kunyoosha mkono. Usidhani anataka kuninyanyua, anaupasha moto mkono wa kurushia.

Niandikie upesi. Jumamosi hii tunacheza tena.

Mdogo wako,
Veikko


Ahola, Minnesota
Alhamisi, 20 Septemba 1979

Veikko,

Barua yako nimeikuta mezani, Baba ameiegemeza kwenye bakuli la sukari ili kila anayeingia aione. Kwa kuwa haikuwa na jina lake hakuifungua, ila alishinda karibu nayo mchana kutwa kama kuku anayeatamia. Nilipoimaliza akaniuliza, "Anasemaje?" Nikamwambia anasema hajambo. Akasema, "Kurasa mbili za hajambo?"

Mgodini sina jina tena. Mzee Sulo, msimamizi wetu wa zamu, yule aliyewahi kunibeba mabegani kutoka uwanjani hadi kanisani, jana kanisimamisha mbele ya watu. Nikadhani ni habari ya mashine yangu iliyokwama. Kumbe, "Dogo vipi? Atacheza tena Jumamosi?" Nikasema atacheza. Akaniambia, "Mna bahati kwenu," akaenda zake.

Sasa sikiliza, maana umeuliza. Kosa lako ni moja, unasogea. Mrushaji anayesogea anawaambia wanaomwinda kwamba anaogopa, nao wananusa hofu kama mbwa. Simama hapo hapo. Mtazame mdakaji wa mbali na umngoje afunguke, awaache wanaomfunika, hata kama unasikia pumzi zao. Mpira mfupi ni wa waoga. Kuutupa nje ni uoga zaidi. Ukuta ukitoboka, ngoja. Ukishadhani umengoja vya kutosha, ngoja tena kidogo. Ukipigwa, umepigwa, lakini mpira utakuwa umekwenda mbali na watu watalijua jina lako.

Hiyo ndiyo siri yote. Makocha hawaifundishi kwa sababu hawana moyo wa kuifundisha.

Reino


Tolliver
Jumapili, 30 Septemba 1979

Kaka,

Nimefanya ulivyosema. Jumamosi ile ya kwanza niliangushwa mara saba na tukafungwa. Jana mara nane, lakini jana tulishinda, na nitakusimulia mara moja tu ambayo niliwahi kuuachia mpira. Nilisimama. Nikamsikia mtu akija kutoka kushoto anakoroma kama nguruwe, nikangoja. Mdakaji wangu Cleve alikuwa amefunikwa, nikangoja tena, akafunguka, nikaachia mpira na wakati huohuo nikapigwa. Sikuuona ulipoangukia. Nililijua bao kwa kelele za watu, nikiwa nimelala na nyasi mdomoni. Yadi hamsini na moja, kaka. Gazeti la chuo limeweka picha. Nimemtumia Baba.

Walinzi wangu wamenibatiza jina. Naitwa Godoro, kwa sababu kila mtu analala juu yangu. Otha, mlinzi wa kushoto, mtu mweusi mkubwa kutoka St. Louis ambaye hucheka polepole, aliniambia bafuni, "Godoro, sikiliza. Mimi naweza kumzuia mtu kwa sekunde tatu. Nne nikiwa nimekula. Wewe unanidai sita. Unanifanya nionekane mjinga mbele ya mama yangu." Nikamwambia nimefundishwa na mtu anayejua. Akaniuliza, "Mtu huyo anakupenda?" Tukacheka.

Kocha hacheki. Ananifokea niachie mpira. Nimemwitikia ndiyo kocha, ndiyo kocha, halafu nasimama. Nimeamua nitakusikiliza wewe.

Nilikuwa nasahau. Baba kaniandikia. Baba yetu, Reino, kwa mkono wake, mistari minne. Kaandika baridi imeanza, paka kazaa kwenye banda la sauna, mguu unamsumbua, na mwisho, "Jumamosi nakuwaza." Nimeibandika ukutani.

Veikko


Ahola
Alhamisi, 4 Oktoba 1979

Veikko,

Picha imefika. Baba ameikata kwa mkasi wa Mama wa kushonea, Mama akanuna kwa sababu karatasi inaua makali, na sasa iko juu ya friji. Nikitaka maziwa lazima nikutazame kwanza.

Sikujua Baba anaandika barua. Mimi hajawahi kuniandikia. Nalala chumba kilicho juu ya chake, pengine ndiyo sababu. Miaka minane kila asubuhi naweka chakula changu kwenye kopo lake la bati, natoka na buti zake, na anachoniambia ni, "Funga mlango, baridi inaingia." Mistari minne. Basi vizuri.

Huyo Otha wako ni mlinzi, na kazi ya mlinzi ni kulalamika. Kocha naye ni mwoga, anaogopa kufukuzwa. Usibadilishe kitu. Umeona mwenyewe yadi hamsini na moja. Zingetoka wapi kama ungesogea?

Simama hapo hapo.

R.


Tolliver
Jumatatu, 8 Oktoba 1979

Kaka Reino,

Mara tisa. Tumefungwa.

Mama usimwambie, lakini nikipiga chafya naona nyota. Daktari wa timu kanibonyeza ubavu akasema ni mchubuko. Nalala nimekaa. Prochnow kanipa aspirini zake, na kaniuliza kwa upole kama nataka kupumzika wiki hii. Nilitamani kumng'oa yale meno.

Nina swali moja, nalo unijibu kweli. Uliwahi kuogopa? Mimi sasa naogopa kabla hata ya kuushika mpira. Naogopa tangu Alhamisi, mechi ingali siku mbili mbele. Mikono inatoka jasho nikiwa darasani nasoma hesabu.

Veikko


Ahola
Alhamisi, 11 Oktoba 1979

Sikuwahi.

Reino


Ahola
Jumatatu, 15 Oktoba 1979

Veikko,

Sijui kama utaisoma hii mwenyewe au muuguzi atakusomea. Kama ni muuguzi, tafadhali mama, mpe mwenyewe akiweza kusoma. Haya si ya mtu mwingine.

Simu ililia Jumamosi jioni, Mama akaipokea, akasema ndiyo, ndiyo, kisha akakaa chini sakafuni, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikaa hata kwenye kiti kabla watu wote hawajala. Wakamwambia mbavu mbili zimevunjika, na kwamba kwa saa tatu hukujua jina lako. Ulikuwa unaniita mimi. Kocha wako alimwambia Mama hivyo kama jambo la kumfariji. Baba akasema, "Reino, anakutaka wewe. Uende." Nikasema nina zamu mgodini.

Nilikudanganya.

Barua ya kweli niliiandika kwanza. Ile tarehe 20 Septemba, kurasa mbili, kila kitu ninachokijua. Nilikuwa nikitafuta bahasha Baba alipoingia na gazeti la chuo, akaniomba nimsomee pale ulipotajwa. Nikamsomea. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema, "Mara ya tatu, polepole." Alipotoka niliichana barua nikaitia jikoni kwenye moto, nikaandika nyingine. Nilijua ninachofanya. Sikuwa nimelewa. Nilichagua kila neno kwa uangalifu kuliko nilivyochagua maneno ya ile barua ya kweli.

Nilitaka uanguke. Sikutaka uumie hivi, naapa, nilitaka uanguke tu mpaka wamweke yule wa Kansas, urudi nyumbani, tupande lori la saa kumi na moja alfajiri pamoja, na Mzee Sulo asiwe na wa kumuuliza. Mwaka ule mwamba ulipomponda Baba mguu, nilikuwa na nafasi ya chuo, barua yenye muhuri, na begi Mama alikwisha kuninunulia. Wewe ndiye uliyeondoka na begi lile. Kila Alhamisi gazeti likija nilikuwa naingia chooni nalo kuhesabu umeangushwa mara ngapi. Sita. Saba. Nane. Tisa ilipokuja nilikula vizuri siku hiyo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ndiye mimi.

Sasa hii ndiyo iliyoungua. Usiwatazame wanaokuja. Macho yako yawe mbali, kwa wadakaji, lakini uwajue kwa migongo ya walinzi wako, kwa ukingo wa jicho. Mgongo wa mlinzi ukianza kugeuka, mtu anapitia hapo. Wanaokuja kutoka pembeni wanazunguka kwa mbali na wanalenga pale uliposimama mwanzo. Piga hatua moja mbele, ndani, katikati ya watu wako, nao watapita nyuma yako kama gari lisilo na breki. Anayepenya katikati ndiye mbaya. Huyo teleza kando, hatua moja, usikimbie kumi. Mikono miwili kwenye mpira mpaka dakika ya kuachia. Na hesabu kichwani. Ukifika tatu mpira uwe unaondoka, awe amefunguka mtu au hajafunguka. Kama hajafunguka, urushe juu ya kichwa cha mdakaji aliye karibu na mstari, uende nje kabisa kwa watazamaji, mchezo uanze upya palepale. Watakuzomea. Waache wazomee.

Uliniuliza kama niliwahi kuogopa. Niliogopa kila mara, Veikko. Ndiyo maana hawakunipata.

Usinijibu kama hutaki.

Reino


Tolliver
Jumatatu, 22 Oktoba 1979

Reino,

Nimetoka hospitali Ijumaa. Barua yako nimeisoma mwenyewe.

Nilijua.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili mwaka ule wa mwisho wako. Sikukosa mechi hata moja. Nilikaa juu ya pipa la mchanga nyuma ya goli, na sikutazama mpira, nilikutazama wewe. Ulikuwa husimami. Ulikuwa kama mtu anayetembea kwenye barafu nyembamba, hatua ndogondogo, mbele, kando, mbele, na uliutupa nje mara nyingi mpaka baba yake Sippola, yule mdakaji wako, akawa anapiga mluzi wa kukuzomea. Barua yako ya Septemba ilipofika niliisoma nikasema huyu si Reino. Nikaisoma tena. Nikajiambia huenda kuna kitu kilichofichika ambacho mtoto juu ya pipa hakukiona. Lakini nilijua. Otha aliponiuliza kama mtu huyo ananipenda nilicheka kwa sababu nilijua.

Utaniuliza kwa nini nilikufuata. Kwa sababu nisingekufuata ningelazimika kujua kwa nini uliiandika.

Sasa nimelazimika. Na nitakwambia kitu nami, kwa kuwa tunasema kweli. Unadhani ile mistari minne ya Baba ni mali kubwa. Baba ananiandikia kwa sababu hanijui. Wewe anakwambia funga mlango kwa sababu kila siku anajua utaingia na mlango huo. Mimi nikiwa nyumbani hunitazama kama mgeni aliyekuja kuuza majembe. Niliwahi kumsikia akimwambia Mama, "Huyu mdogo sijui anataka nini." Hajawahi kusema hivyo juu yako. Nimekuonea wivu miaka yote kwa ajili ya buti chakavu, na wewe unanionea kwa ajili ya picha ya friji. Tofauti ni kwamba mimi sikukuvunja mbavu.

Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nikicheka inauma, nikilia inauma, kwa hiyo nimekaa tu.

Prochnow anacheza sasa. Si mbaya. Daktari anasema nikitulia naweza kurudi Novemba.

Usiniandikie. Nitakuandikia mimi nikitaka.

Veikko

Ile hatua ya mbele unayosema, ni mguu upi unaanza?


Ahola
Ijumaa, 26 Oktoba 1979

Wa kushoto. Hatua ndogo, kama unavuka maji na hutaki kulowesha soksi. Wa kulia unaufuata, usiupite. Mabega yabaki upande.

R.


Tolliver
Jumapili, 11 Novemba 1979

Reino,

Nakuandikia kwa sababu nimetaka.

Wiki mbili hizi Otha na wenzake wamekuwa wakinifanyia kazi saa za jioni kwenye ukumbi wa mazoezi. Walileta fagio za mhudumu, ndefu zile, wanakuja nazo kutoka pande zote kunipiga mabega na kichwa wakati mimi natazama saa ya ukutani iliyo mbali na kusoma kwa sauti mshale wa sekunde uko wapi. Nikitazama fagio, tunaanza upya. Siku ya kwanza Otha alisema, "Godoro, mama yangu angekupiga chenga, na ana kisukari." Siku ya tano nilianza kuhisi. Ni vile vile ulivyoandika, mgongo wa mtu unakwambia. Niliposogea mbele kwa mguu wa kushoto, wawili waligongana nyuma yangu fagio na fagio, na Otha akakaa chini akacheka mpaka akatoka machozi. Akaniuliza, "Hii nayo nani kakufundisha?" Nikamwambia mtu yuleyule. Akasema, "Basi huyo mtu ana mambo mengi."

Jana Prochnow alirusha mipira mitatu mikononi mwa maadui na Kocha akaniingiza kipindi cha pili. Niliangushwa mara moja. Mara nne nilitupa nje. Mbavu ziliniuma mara moja tu, nilipokuwa nikivaa soksi.

Jumamosi ni mechi ya mwisho. Nimeweka tiketi mbili kwa jina la Baba. Hawezi kuendesha gari umbali huo kwa mguu wake, unajua, kwa hiyo atahitaji mtu wa kumleta. Sijakusamehe. Sijui kusamehe kunaanza na mguu upi, na hilo huwezi kunifundisha wewe. Lakini ukija, njoo utazame.

Baba hajui, wala Mama. Sijawaambia. Sitawaambia.

Veikko


Ahola
Jumatatu, 19 Novemba 1979

Mdogo wangu Veikko,

Tulifika nyumbani jana saa nne asubuhi, saa kumi na tatu njiani kwa sababu ya theluji. Pale uwanjani hatukuzungumza. Ulimshika Baba mkono, ukanishika mkono mimi, ukasema asanteni kwa kuja kama mchungaji mlangoni mwa kanisa, na Otha wako akanitazama kuanzia buti hadi kofia. Sikuwa nadai zaidi. Lakini kuna mambo hukuyaona, kwa hiyo nakusimulia.

Tulikaa upande wa jua. Baba alikuwa amevaa tai. Robo ya kwanza nilitazama miguu yako tu, na nilipoona ile hatua ya kushoto moyo uliniruka, na hapohapo ukaniuma. Nitakwambia mambo yalivyo, maana nimechoka kukuficha. Furaha ilikuja ya kwanza, lakini ile nyingine haikuchelewa hata nukta. Ulipoangushwa ile mara moja, robo ya pili, kuna kitu ndani yangu kilikaa vizuri kwenye kiti. Ni kidogo kuliko zamani. Lakini kipo, na ningekuwa mwongo kusema kimekwisha.

Kisha ile ya mwisho. Mko nyuma kwa pointi moja, sekunde thelathini, mko karibu kiasi kwamba mpiga teke wenu anaweza kupitisha mpira golini, na ukiangushwa mkarudi nyuma yadi kumi hataweza. Ukarudi hatua zako tano. Kushoto kukatoboka, ukaingia ndani, wakapita. Katikati kukatoboka. Nikamwona Cleve kule mbali, amefunguka nusu, mkono juu, anakuita. Watu wote wakasimama. Mimi mwenyewe nilisema kwa sauti, "Mpe." Nawe ukautupa nje. Juu kabisa, ukaangukia kwa wapiga tarumbeta.

Walikuzomea, Veikko. Mtu mwenye kofia ya manyoya mbele yetu alisema, "Mwoga huyo." Baba akampiga begani kwa fimbo, si sana, akamwambia, "Huyo ni mwanangu, kaa chini." Mtu akakaa. Kisha mpiga teke akapiga, mpira ukapita katikati ya nguzo, mkashinda, na yule mwenye kofia akageuka kumkumbatia Baba, na Baba akakumbatiwa kama gogo.

Sasa sikiliza ya njiani. Tumeshapita Des Moines, giza, nikadhani Baba amelala. Akasema, "Anacheza vizuri." Nikasema ndiyo. Akasema, "Lakini wewe ulikuwa bora."

Miaka minane, Veikko. Niliingoja sentensi hiyo chini ya mgodi na juu ya mgodi. Kama angeisema Septemba, sijui, pengine barua isingeungua. Nilishika usukani nikaitafuna maili nyingi. Ilikuwa tamu. Kisha nikaona haimezeki, kwa sababu si kweli. Mimi ningemrushia Cleve. Watu elfu nne wamesimama, baba yangu amevaa tai, ningemrushia, ama ningengoja kidogo anifungukie zaidi, nami ningeangushwa na mngefungwa. Sikuwahi kutupa mpira nje dakika ambayo kila mtu ananitazama. Nilitupa zile ambazo hazikuwa na shahidi ila baba yake Sippola na mtoto juu ya pipa.

Nikamwambia Baba hivyo. Akasema, "Unyenyekevu haukufai." Basi nikamwambia yote. Barua iliyoungua, barua iliyokwenda, neno kwa neno, na ile uliyoniuliza kama niliwahi kuogopa na nikakujibu neno moja.

Akasema, "Simamisha gari."

Nikasimamisha. Akashuka na fimbo yake, akasimama kando ya barabara, malori yanapita yanamrushia theluji, tai inapepea. Nilishuka nikamwambia Baba utaganda. Akasema, "Nilikuomba unisomee mara tatu." Alikuwa anakumbuka jioni ile. Nikamshika mkono kumrudisha garini, akautoa, akarudi mwenyewe. Toka hapo hadi Ahola hakunisemesha, na leo asubuhi nilipokuwa natoka kwenda zamu alikuwa jikoni, akanitazama, wala hakuniambia nifunge mlango. Niliufunga mwenyewe.

Mama bado hajui, ila anatutazama.

Krismasi ukija Baba atakuuliza kama ni kweli. Namjua, hataamini mpaka alisikie kwako. Nawe nakujua pia. Utataka kunikinga, kama ulivyonikinga tangu Septemba hata kwa mbavu zako. Usinikinge. Mwambie kama ilivyokuwa, mimi nikiwa nimekaa hapohapo mezani.

Kaka yako,
Reino